Alama Arobaini na Moja

Bi Somoe alipofika kwenye kituo cha majeruhi, mjukuu wake alikuwa ameshapewa namba.

Siku hizo hakuna aliyengoja ndugu wafike. Gari la wagonjwa lilirudi kinyumenyume mpaka kwenye lango la duara, machela ikateleza yenyewe juu ya reli, ikaingia upande huu ikatokea upande ule, na mgonjwa akatoka na utepe mkononi. Namba ikiwa ndogo, machela ilikata kulia kwenda kwenye upasuaji. Ikiwa kubwa, ilikata kushoto. Lango lile watu waliliita Mizani, kama zile mizani za malori barabarani, kwa sababu nalo lilipima likaamua nani apite. Lilikuwa na jina refu la serikali, lakini hata waliofanya kazi pale hawakulitumia.

Machela ya Asumini ilikuwa imekata kushoto.

“Arobaini na moja,” alisema muuguzi. Alikuwa kijana mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na kifuani aliandikwa Tumsifu. “Shikamoo, bibi. Pole sana. Kaa kwanza.”

“Marahaba. Sitaki kukaa. Mwenyewe yuko wapi?”

“Yuko wodi ya utulivu. Ameshapewa dawa ya maumivu.”

“Na dawa ya kupona?”

Tumsifu alitazama viatu vyake. “Bibi, ukomo wetu ni arobaini. Ikizidi hapo hatupasui, wala mgonjwa haongezewi damu.”

“Imezidi kwa ngapi?”

“Kwa moja.”

“Moja tu, baba?”

“Moja, bibi.”

Alilisema kwa upole, na upole wenyewe ulionyesha kwamba alikwisha kulisema kwa watu wengi. Bi Somoe akafunga kanga yake vizuri kiunoni. Hakulia. Alikuwa amekuja mbio kutoka Namkwale, pumzi ya kulia hakuwa nayo.

Asubuhi ile msafara wa malori yasiyo na dereva ulishindwa kona ya Namkwale. La mbele liliacha njia likaingia kwenye ghala la korosho, na yaliyokuwa nyuma yakalifuata humohumo ndani, moja baada ya jingine, kwa kuwa ndivyo yalivyofundishwa. Asumini alikuwa ndani anachambua korosho pamoja na wenzake. Wengi walifia palepale chini ya ukuta. Waliotolewa hai walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa tayari mezani anapasuliwa, wa pili anasubiri zamu, na wa tatu ndiye huyu.

* * *

Nje ya chumba cha upasuaji palikuwa na benchi la bati. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi hapo na kikapu miguuni, nguo imeganda damu iliyokwisha kukauka. Alipomwona Bi Somoe anataka kukaa, alimzuia kwa mkono.

“Usikae hivyohivyo, bibi, hili bati linachoma makalio. Tandika hii.” Akavua kanga ya mabegani akaikunja. “Mimi Mwajabu. Nauza vitumbua pale nje ya ghala.”

“Nakujua kwa vitumbua. Nani wako humu?”

“Mume wangu. Chilumba, kuli wa ghala. Yule anayeimba vibaya.”

“Yule! Anaimba vibaya sana.”

“Basi ndiye huyo.” Mwajabu alijaribu kutabasamu. “Thelathini na nane. Akitoka huyu wa kwanza, anaingia yeye.” Namba ile aliitaja kwa aibu kidogo, kama mtu anayekula pilau ya harusi mbele ya jirani ambaye hakualikwa. “Na wako?”

“Mjukuu. Asumini. Arobaini na moja.”

“Lo.”

Mwajabu akafungua chupa ya chai, akamimina kwenye kifuniko, akampa. Bi Somoe alikunywa kwa sababu mwenzake alitaka anywe. Kisha Mwajabu akaanza kusimulia, maana alikuwa mtu wa kusimulia na hofu ilimzidishia.

“Mimi nilipanda naye garini. Nikamfuata mpaka kwenye hilo duara lao. Bibi, linavyomulika! Unaona mifupa ya mtu inapita kwenye kioo, unaona moyo unapiga. Halafu likamwita. ‘Chilumba Nguli.’ Jina wanalipata kwenye kidole. Sauti ya mwanamke, tamu, huoni anayesema. Na mume wangu pale alipo macho yamefumba, mguu umefungwa kamba ya kuzuia damu, akaitika ‘Naam!’ mpaka muuguzi akashtuka. Mimi nikasema moyoni, huyu ndiye wangu. Huyu mtu huitika hata usingizini. Nikimwuliza, ‘Chilumba, umefunga mlango?’ anasema naam, na mlango uko wazi, anaendelea kukoroma.”

Bi Somoe alicheka. Kicheko kilimtoka chote, mpaka chai ikamwagika. Kisha kikakatika.

“Linaita mara ngapi?”

“Nini, bibi?”

“Hilo duara. Mtu asipoitika, linaita mara ngapi?”

“Mara mbili. Yule wa mbele yetu liliita mara mbili ndipo akagumia.”

Bi Somoe aliweka kifuniko cha chai chini, akainuka.

Mwajabu alikuwa mtu wa Kilwa, na Kilwa wanaitika. Lakini Namkwale hakuna mtu, mkubwa kwa mdogo, anayeitika sauti ya mtu asiyemwona. Mtu akiwa shambani akasikia jina lake, hunyamaza. Likiitwa tena, hunyamaza. Likiitwa mara ya tatu ndipo husema naam au labeka, kwa kuwa kile kinachowaita watu ili wakifuate huweza kuita mara mbili, na ya tatu hakina pumzi nayo. Watoto hufundishwa hayo kabla hawajajua kufunga nguo. Hata simu ikilia huko, anayepokea hunyamaza mpaka anayepiga ajitaje.

* * *

Wodi ya utulivu watu waliiita Barazani. Ilikuwa na mapazia meupe na upepo mzuri, na mikeka kwa ajili ya ndugu. Hakuna aliyekimbia humo. Asumini alilazwa kando ya dirisha, amefunikwa shuka mpaka kifuani, midomo imepauka. Hakuwa na jeraha usoni hata moja, ila vumbi la korosho kwenye nyusi.

Bi Somoe aliinama mpaka uso wake ukawa juu ya uso wa mjukuu wake.

“Asumini.”

“Labeka, bibi.”

Sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwa nzima. Bi Somoe alishika ukingo wa kitanda.

“Unajua uko wapi?”

“Hospitali. Ghala limeanguka. Tatu Mkopi yuko wapi, alikuwa pembeni yangu?”

“Utamwona,” alisema bibi yake. “Niambie. Kule ulikopitishwa, walikuita?”

“Waliniita. Sikumwona mtu, bibi. Mwanga tu. Wakaniita tena.” Akameza mate kwa taabu. “Nilikuwa naisubiri ya tatu. Haikuja. Nikajua ndicho.”

“Ukanyamaza.”

“Nikanyamaza. Si vizuri?”

Bi Somoe alimpangusa vumbi kwenye nyusi kwa ncha ya kanga, jicho hili kisha lile.

“Ni vizuri,” alisema. “Umefanya kama ulivyolelewa. Ngoja nakuja.”

* * *

Tumsifu alimsikiliza amesimama, kisha akakaa kwenye ngazi, jambo ambalo wauguzi hawakulifanya mbele ya ndugu wa wagonjwa.

“Rudia, bibi. Mpaka mara ya tatu?”

“Mpaka ya tatu. Wote. Hata mwenyekiti wa kijiji.”

Alifungua kishikwambi chake, akatafuta jina la Asumini, akamwonyesha. Palikuwa na picha ya mtu aliyegawanywa sehemu sita.

“Mizani inafanya hivi, bibi. Kila sehemu ya mwili inaipa daraja, moja mpaka sita. Moja ni mchubuko, sita ni mtu ambaye harudi. Halafu inachukua zile tatu zilizoumia zaidi, kila daraja inalizidisha kwa lenyewe, inajumlisha. Asumini tumbo ni nne. Nne mara nne, kumi na sita. Kifua tatu, hiyo ni tisa. Mguu tatu, tisa nyingine. Jumla yake thelathini na nne.”

“Umesema arobaini na moja.”

“Kwa sababu ya kichwa. Picha ya kichwa chake ni safi, iangalie. Lakini hakuitika. Mizani imefundishwa na maelfu ya watu waliopita kwenye milango kama hii mijini, na kwa hao, mtu asiyeitika ubongo wake unavuja damu hata kama picha haijaonyesha. Kwa hiyo ikampa kichwa nne. Kumi na sita ya kichwa ikauondoa mguu wenye tisa. Hiyo ndiyo saba iliyoongezeka.” Alizima kioo akawasha tena. “Watu wa upande wenu namba zao huwa juu. Tangu nije hapa ni hivyo. Tulisema ni barabara mbovu, wanacheleweshwa, wanafika wameshaharibika.”

“Wamepita wangapi kushoto?”

“Usiniulize hilo, bibi.”

Hakumwuliza tena. Alisema, “Mpimeni upya.”

“Ndugu ana haki ya kuomba. Mara moja tu. Ukisema kwa mdomo wako, mimi naingiza, anapimwa.” Tumsifu alitazama kushoto na kulia. “Lakini lipo jambo sitakiwi kukwambia.”

“Niambie.”

“Sanduku la damu limebaki moja. Lingine ndege italileta kesho. Meza ni moja, na mikono ya mashine ya kupasulia ni jozi moja, daktari yuko ndani anaisimamia. Akitoka huyu wa kwanza, anayefuata ni mwenye namba ndogo. Sasa hivi ni yule baba, thelathini na nane. Asumini akipata thelathini na nne, anaingia yeye. Yule baba nyonga yake imepasuka na mguu umepondeka. Kesho haifiki.”

Bi Somoe aligeuka. Kutoka pale kwenye ngazi benchi lilionekana. Mwajabu alikuwa ameokota kifuniko cha chai, anakifuta kwa kiganja, anakiweka mahali pa bibi ili asije akakikanyaga.

“Na nikinyamaza?”

“Ukinyamaza hakuna anayejua. Mimi nitajua.”

“Wewe ungefanyaje, baba?”

“Mimi sina mtu humu, bibi. Ningesema lolote lingekuwa rahisi.”

* * *

Yapo mambo ambayo mtu huyafanya kisha hawezi kueleza kwa nini. Bi Somoe angeweza kusema palepale kwenye ngazi, mpimeni, na kazi ikaanza. Alirudi kwenye benchi. Alikuwa amekalia kanga ya mwenzake, amekunywa chai yake. Kumpita kwa nyuma hakuweza.

Akamweleza yote. Alieleza taratibu, kwa kuwa Mwajabu kila mara alisema “sijaelewa,” na kila aliposema hivyo ilidhihirika kwamba ameelewa.

“Kwa hiyo unakuja kuniomba,” alisema Mwajabu.

“Sikuombi. Nakwambia.”

“Unaniambia ili nikupe ruhusa.”

“Sijui, mwanangu.”

“Usiniite mwanangu!” Sauti yake iligonga bati la paa. “Hapana, bibi. Ungenyamaza. Ungekwenda huko ukafanya unayoyafanya, mimi ningeona tu machela inapita, ningesema ni kazi ya Mungu au kazi ya serikali. Sasa unataka nikutazame usoni nikwambie haya, nenda, mume wangu amwage damu mjukuu wako apone?”

“Asumini ana miaka kumi na tisa.”

“Na Chilumba ana watoto watatu! Nikuletee hapa uwapime? Tuwapitishe kwenye duara?”

Mwajabu alilia kwa kuziba mdomo na mkono wake mwenyewe, na Bi Somoe alitaka kumshika bega, akaona mkono wake hauna haki hiyo. Muda ulipita hivyo. Ndani, mashine zilikuwa zinanguruma kwa wa kwanza.

Kisha Mwajabu alisema, bila kumtazama, “Kama angekuwa wangu, ningeshakwenda zamani. Ningekukanyaga nikapita. Wewe umekaa hapa unaniongelesha.”

Bi Somoe akainuka. Akaikunja kanga, akaiweka juu ya kikapu. Alimfuata Tumsifu kwenye ngazi, akasema kwa mdomo wake, “Mpimeni upya.”

* * *

Machela ya Asumini ilirudishwa kwenye reli. Ile ya Chilumba, iliyokuwa imeshasogezwa mpaka mlangoni kwa wapasuaji, ilisimama yenyewe kungoja, kwa sababu shauri la foleni lilikuwa limefunguliwa na Mizani haikuruhusu mtu kuingia mpaka lifungwe. Chilumba alikuwa juu yake, mguu bado umefungwa ile kamba ya asubuhi. Mwajabu alisimama kando amemshika kidole kimoja cha mkono.

“Nimwite mimi,” alisema Bi Somoe. “Mimi akinisikia ataitika.”

“Sauti ya ndugu haihesabiki,” alisema Tumsifu. “Lazima iwe ileile kwa watu wote. Lakini unaweza kumwambia kabla.”

Bi Somoe akainama juu ya machela. Asumini alikuwa na baridi sasa, na jasho mdomoni.

“Mjukuu wangu, nisikilize. Utaitwa na usiyemwona. Itika. Ya kwanza tu, itika.”

“Bibi, si umesema…”

“Ndimi niliyesema, na ndimi ninayekwambia. Itika.”

“Na kikinichukua?”

“Mimi niko mlangoni. Nitakurudisha.”

Machela ikaingia. Mwanga ukapita kutoka kichwani mpaka miguuni. Kwenye kioo Bi Somoe aliuona mgongo wa mjukuu wake kama uzi wa shanga, na moyo, mdogo kuliko alivyofikiri, unapiga haraka mno. Sauti ikaita.

“Asumini Likwata.”

Bi Somoe aliuona mdomo wa mjukuu wake ukifunguka na kufunga. Aliona hofu. Ilikuwa hofu ya mtoto anayeambiwa aingie msituni na mtu aliyemkataza.

“Labeka,” alisema Asumini.

Tumsifu akasema, “Ameitika! Kichwa kimefutwa, bibi, kichwa ni sifuri!” Na watu waliokuwa pale, hata mfagiaji, walishusha pumzi. Mwajabu peke yake hakushusha.

Machela ikatokea upande wa pili. Utepe mpya ukatoka. Tumsifu aliushika kuusoma, akausoma tena.

“Sema,” alisema Bi Somoe.

“Arobaini na tatu.”

“Ameitika! Nyote mmesikia ameitika!”

“Ameitika, bibi. Kichwa kimetoka.” Alikuwa anasoma kioo kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. “Ni tumbo. Asubuhi lilikuwa nne. Sasa ni tano. Tano mara tano, ishirini na tano. Na zile tisa mbili. Limeendelea kuvuja muda wote aliokuwa Barazani. Ini limepasuka zaidi.”

“Lini? Lini limekuwa tano?”

“Haisemi lini.”

“Nilipokuwa kwenye benchi?”

“Bibi, haisemi.”

Reli ikalia. Machela ya Asumini ikakata kushoto. Ile ya Chilumba ikaanza kwenda, mlango ukafunguka, na Mwajabu akabaki amenyoosha mkono uliokuwa umeshika kidole.

* * *

Asumini alikaa Barazani mpaka adhuhuri ilipopita. Dawa ya maumivu ilikuwa nzuri, hilo lazima lisemwe; hakulia wala hakujinyonganyonga. Alizungumza kidogo. Alitaka kujua kama mshahara wa wiki hii utalipwa wakati ghala limevunjika. Alisema akipona hatarudi kwenye korosho, mikono inaharibika, atakwenda kujifunza kushona. Bi Somoe alisema cherehani ipo, ya mama yake, ni kuitia mafuta tu. Wakazungumza juu ya cherehani ile kwa muda, kama watu wanaopanga jambo la wiki ijayo.

Baadaye akawa anasahau maneno katikati.

“Bibi, nimeitika,” alisema mara moja. “Hakikunichukua.”

“Hakikukuchukua.”

“Lakini hawanipeleki kulia.”

“Hawakupeleki, mama.”

“Basi,” alisema Asumini, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

Asumini alikufa huku bibi yake akimchana nywele kwa vidole, kutoa vumbi. Bi Somoe aliendelea kuzichana mpaka upande ule ukaisha, kisha akamfumba macho.

Mwajabu alikuja baadaye kidogo, akasimama kwenye pazia. Alikuwa amejifunga ile kanga kichwani.

“Ametoka,” alisema. “Yuko hai. Mguu wameuacha humo ndani. Wanasema kamba ilikaa mno, angeingia mapema wangeuokoa.” Akashika ukingo wa pazia. “Kuli bila mguu, bibi. Sikulaumu. Nataka kukulaumu, na nimekuja hapa kukulaumu, nakuta hivi.” Akatazama kitandani. “Poleni.”

“Tumeshapoa,” alijibu Bi Somoe. Kisha akasema, “Na wewe pole.”

Mwajabu akaondoka. Hawakuwahi kuzungumza tena.

* * *

Watu wa Namkwale walifika na jeneza la msikiti. Wanawake wa kuosha walikuwa nje na ndoo zao, na habari waliyoleta ni kwamba kaburi limeshachimbwa. Kwao kaburi lililochimbwa halilali wazi. Usiku ukilikuta tupu, mwingine wa nyumba ileile hulifuata. Ndivyo wanavyoamini, na hakuna aliyewahi kujaribu kuona kama ni kweli.

Tumsifu alikuja na kishikwambi. Alikuwa amenawa uso.

“Bibi, weka kidole gumba hapa, mkamchukue.”

“Cha nini? Amekufa, si umemwona.”

“Siyo cha kufa. Ni cha kuthibitisha utabiri. Namba ilisema hatapona, naye hakupona. Ukithibitisha, Mizani inauingiza kwenye mafunzo yake.”

“Inajifunza kwa Asumini?”

“Inajifunza kwa kila mtu.”

“Inajifunza nini?”

Tumsifu angeweza kusema sijui. Alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa kudanganya. “Imemsajili mara mbili. Mara ya kwanza hakuitika, akafa. Mara ya pili aliitika, akafa. Itachukua kwamba kwa watu wa upande wenu, mtu asipoitika anakufa, kama ilivyofikiri. Na kwamba hata akiitika, hilo si dalili ya kupona. Siku nyingine, kuitika kwao kutapunguza namba kidogo sana. Au hakutapunguza kitu.”

“Lakini alikufa kwa kuachwa. Andika hivyo. Andika aliachwa, akavuja.”

“Nimeandika barua mbili kwa wakubwa kuhusu watu wanaoachwa hivi, bibi, kabla ya leo, na leo nitaandika ya tatu. Lakini humu ndani hakuna mahali pa kuliandika hilo. Humu kuna namba, na amepona au hakupona.”

“Nisipoweka kidole?”

“Haihesabiki. Inabaki wazi, Mizani haijifunzi chochote kwa huyu.” Akashusha sauti. “Lakini mwili hautoki. Unapelekwa kwenye majokofu ya mkoa mpaka shauri lifungwe. Nimeona iliyokaa huko miezi.”

Nje, mwanamke mmoja wa kuosha alikuwa anauliza kama maji yapashwe moto, na mwingine anamwambia anyamaze, wenyewe watasema. Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa magharibi. Bi Somoe aliwafikiria watakaoletwa kesho na keshokutwa na mwaka ujao kutoka Namkwale na vijiji vya jirani, na machela zao zinavyoingia upande huu na kutokea upande ule. Alijaribu kuwaona nyuso. Hakuweza kuona hata mmoja. Asumini alimwona, alikuwa pale, amefunikwa shuka, upande mmoja wa nywele umechanwa na mwingine bado.

Akanyoosha mkono.

“Bibi,” alisema Tumsifu, na hakumalizia.

Akaweka kidole.

Kioo kikawaka kijani. Maandishi yakatokea, na kwa kuwa wako watu wasiojua kusoma, ile sauti tamu ikayasoma kwa sauti ili kila mtu pale mlangoni asikie: utabiri umethibitishwa, tunakushukuru, mchango wako utawasaidia wenzako.